Umeapdeti kompyuta, programu hazionekani kwenye menyu: kabla hujafomati soma hapa

Ukipita steshenari za hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka kule Ujiji, mashine nyingi ni zile za kizamani, RAM GB 4 ikizidi sana, na wengi wamehamia Linux Mint ama Ubuntu kwasababu virusi vya kwenye flashi za wateja vilikuwa vinawamaliza. Na zinapiga kazi vizuri tu, barua zinachapwa, CV zinatoka, fomu za kujiunga shule zinaprintiwa. Balaa linakuja asubuhi ile baada ya kuapdeti, unawasha mashine, unafungua menyu kutafuta Writer, ile ya LibreOffice ya kuchapia barua, haipo. Unatafuta GIMP ya kutengenezea pasipoti saizi, nayo haipo. Na mteja kasimama pale anakuangalia.

Kinachofuata hapo ndo huwa kinaniudhi. Anaitwa fundi, fundi anachungulia menyu anasema "hii imeshakufa, tupige upya", basi linachomwa bando la karibu GB 3 au zaidi kupakua Linux nzima, mafaili ya miaka mingi yanaenda na maji, wakati programu yenyewe haijaenda popote, imo humo humo kwenye diski. Ni sawa na abiria pale bandarini jina lake limerukwa kwenye orodha ya wasafiri, mtu yupo, kasimama na mizigo yake, ila mwenye karatasi anasema hamuoni. Sasa kabla hujamfukuza abiria angalia karatasi.

Karatasi yenyewe iko hivi. Kwenye Linux menyu sio kitu kilichoandikwa sehemu moja kikakaa. Desktopu, yani ile sehemu ya mfumo inayokuchorea menyu, ikoni na madirisha, inapita kwenye folda kadhaa, inasoma vifaili vidogo vya maandishi ambavyo majina yao yanaishia na .desktop, kwa kawaida kila kifaili kinaelezea programu moja, ikishavisoma vyote ndo inakuchorea menyu. GNOME, KDE, Xfce, Cinnamon, zote zinafuata utaratibu huo huo wa freedesktop.org, ule mradi alioanzisha Havoc Pennington mwaka 2000, wakati huo ukiitwa X Desktop Group, na ndo maana mpaka leo utakutana na herufi XDG kila kona kwenye habari hizi.

Vifaili vinavyokuja na programu za mfumo vinakaa /usr/share/applications. Vya kwako wewe binafsi vinakaa kwenye folda iliyojificha ndani ya home yako, yani folda ya akaunti yako, ~/.local/share/applications (hicho kialama ~ ndo home yenyewe). Kuna na /usr/local/share/applications, hiyo mara nyingi utaikuta tupu. Alafu kuna Flatpak na Snap, hizo ni njia nyingine za kuinstoo programu, Flatpak ina pake, /var/lib/flatpak/exports/share/applications, na Snap nayo ina pake, /var/lib/snapd/desktop/applications. Ukifungua kimoja kwa text editor ya kawaida utakuta kitu kama hiki, nimekipunguza:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=LibreOffice Writer
Exec=libreoffice --writer %U
Icon=libreoffice-writer
Categories=Office;WordProcessor;
Terminal=false

Ni hayo tu. Exec ndo komandi inayopigwa ukiklik, Icon ni jina la picha, Categories ndo inaamua programu ikae kwenye kundi gani la menyu. Hakuna uchawi wala rejista ya mafumbo. Ukilielewa hili basi swali la "mbona programu imepotea" linageuka kuwa maswali madogo madogo: kifaili kipo? kinasomeka? kuna mstari unaosema kifichwe? kuna kingine kimekaa juu yake? na huyo msomaji, yani desktopu, anaangalia folda sahihi au laa?

Anza na programu yenyewe maana ndo rahisi kuliko vyote. Bonyeza Alt na F2, kitatokea kiboksi, andika libreoffice --writer alafu Enter. Au fungua terminali uandike gimp. Ikifunguka, basi shida yako ni ya menyu tu, programu nzima, mafaili mazima, mhudumie mteja kwanza ndo urudi kutafuta. Watu wengi wangeishia hapa wasingepoteza siku nzima.

Isipofunguka, uliza mfumo unasemaje kuhusu hiyo programu:

dpkg -l | grep libreoffice-writer

Angalia herufi mbili za mwanzo wa mstari. Zikiwa ii, iko salama, imeinstoliwa ikakamilika. Zikiwa rc maana yake imetolewa, kilichobaki ni mafaili ya seting tu. Zikiwa iU au iF maana yake kazi iliishia njiani, vitu vimefunguliwa ila havijapangwa, na hapa kwetu hiyo iU ina mwenyewe, umeme. Mtu ameanza kuapdeti saa mbili usiku, kompyuta ya mezani haina UPS, umeme unakata katikati, asubuhi anawasha mashine inawaka kama kawaida ila nusu ya menyu hamna. Hiyo haihitaji fundi, ni komandi hizi mbili tu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

Ya kwanza inamalizia kupanga vile ambavyo vilishapakuliwa na kufunguliwa, kwahiyo haili bando. Ya pili inaweza kula kidogo kama kuna kitu kilikuwa hakijashuka. Subiri imalize, toka kwenye akaunti yako uingie tena, angalia menyu. Kama bado, inawezekana umeme ulipokata kifaili kikabaki jina tu ndani hamna kitu, na desktopu ikikuta kifaili kitupu inakiruka kimya kimya, haikuambii. Vitafute hivi:

find /usr/share/applications -size 0
find /usr/share/applications -xtype l

Ya kwanza inaleta vifaili vitupu. Ya pili inaleta viungo vilivyokatika, yani jina lipo pale ila kitu linachoelekezea hakipo. Hii ya pili muhimu kwa LibreOffice hasa, maana kwenye Debian na Ubuntu libreoffice-writer.desktop sio kifaili kamili, ni kiungo kinachoelekea /usr/lib/libreoffice/share/xdg/writer.desktop, kwahiyo kule ndani kukiharibika huku nje unaona jina lipo na menyu hamna kitu, unaweza ukazunguka mpaka basi. Dawa yake ni sudo apt install --reinstall libreoffice-common libreoffice-writer, tena hailazimiki kupakua upya kama paketi, yani faili la kuinstolea, bado iko /var/cache/apt/archives.

Na kama ni rc, yani imetolewa kweli? Usibishane na mtu nani kaitoa, faili la /var/log/apt/history.log linaandika kila kitu, tarehe, saa, komandi iliyopigwa, na mstari unaoanza na Remove ukiwa na majina ya vilivyoondolewa. Hapa nieleze jambo moja watu wengi hawalijui. Komandi ya apt upgrade haitoi paketi kabisa, inaongeza na kupandisha tu. Zinazoweza kutoa ni apt full-upgrade, apt autoremove, na ule upandishaji mkubwa wa kutoka toleo moja la Ubuntu kwenda jingine, ambao pia unazima PPA zote, yani maghala ya programu ya watu wa nje, ulizokuwa umeongeza. Kwahiyo programu uliyoipata kutoka PPA ikigombana na paketi mpya yenyewe ndo inapigwa chini. Mashine inakuonyesha orodha ya zitakazotolewa na kukuuliza Y au n, tatizo ni kwamba nani anasoma, wote tunabonyeza Y tukaendelee na chai.

Tukirudi kwenye kundi kubwa, wale ambao programu inafunguka kwa Alt na F2 ila kwenye menyu haipo. Kuna jaribio moja nalipenda kuliko yote kwasababu linagawa tatizo mara mbili kwa mkupuo. Tengeneza akaunti nyingine mpya kwenye mashine hiyo hiyo, iite hata jaribio, toka, ingia kwa hiyo akaunti, fungua menyu. Ukikuta Writer ipo, basi mfumo mzima uko salama na uchafu uko kwenye home yako. Ukikuta haipo na huku pia, basi tatizo ni la mfumo, achana na home yako usiiguse. Nimeona watu wanafuta folda za seting kwenye home, wallpaper inapotea, neno siri za Wifi zinapotea, na tatizo lilikuwa huko /usr/share.

Uchafu wa home mara nyingi ni kifaili cha zamani kinachokalia kipya. Sheria iko hivi, vifaili viwili vikiwa na jina lile lile, kimoja kwenye /usr/share/applications na kingine kwenye ~/.local/share/applications, cha kwako ndo kinashinda, cha mfumo hakiangaliwi kabisa. Na hivi vya kwako vinazaliwa bila wewe kujua, ukishaingia kwenye Edit Menu au MenuLibre, zile za kuhariri menyu, ukabadilisha jina tu au ikoni, ile programu inanakili kifaili chote inakuwekea home. Kuanzia siku hiyo nakala yako imeganda. Mfumo unaapdeti cha kwake mara kumi, cha kwako hakina habari.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu kule Ujiji anachapa mitihani ya tuisheni kwa ajili ya watoto wa mtaani, aliniita baada ya mashine yake kuapdetiwa. Nikamwamkia, akaitika, hata sijakaa vizuri akaanza.

"Kijana wangu, Writer wamenifutia. Calc ipo, Impress ipo, Writer ndo hakuna."

"Haijafutwa mwalimu. Hebu bonyeza Alt na F2, andika libreoffice --writer."

Ikafunguka. Akaniangalia kama nimeitoa mfukoni.

Ile kusema Calc ipo Writer haipo ilishanipa jibu nusu, maana zote zinakuja pamoja na zinategemea kitu kimoja, ikikosekana moja peke yake ujue kuna mkono wa mtu kwenye kifaili chake. Kuangalia ~/.local/share/applications nikakuta libreoffice-writer.desktop, na ndani yake mstari huu:

Exec=/opt/libreoffice7.3/program/soffice --writer %U

Historia yake ikawa nyepesi kuisoma. Zamani kuna mtu alimwekea LibreOffice ya kupakua moja kwa moja, hizo zinakaa /opt, akahariri menyu Writer ielekee kule. Juzi aliyekuja kumwapdetia akaitoa hiyo ya /opt ili abaki na ya kawaida ya Mint, kazi nzuri tu, ila hakujua kuna nakala imelala home inaelekeza kwenye njia isiyokuwepo tena. Na Cinnamon, kama ilivyo GNOME, ikisoma Exec ikaona programu inayotajwa haipo kwenye diski, haikuonyeshi ikoni ya kuklik ikafeli, inaificha kabisa. Nikahamisha kifaili kikae Desktop kwanza, na ndo ninavyokushauri na wewe, usikifute, hamisha, ukikosea unakirudisha. Menyu ikajaa palepale.

"Kumbe kilikuwa kiandishi tu?" mwalimu akauliza.

"Mstari mmoja tu, mwalimu."

Mstari wa Exec una ndugu yake TryExec, huo kazi yake ni hiyo tu ya kusema kama faili hili halipo basi usinionyeshe. Kuna wengine wanne wa kuwajua. NoDisplay=true maana yake programu ipo, inaweza kufungua mafaili, ila isikae kwenye menyu. Hidden=true ni kali zaidi, ni kama umesema hichi kifaili hakipo duniani, na ukikiweka kwenye home kinafunika hadi cha mfumo. Ukiwahi kubonyeza Hide au Delete kwenye kuhariri menyu, mojawapo ya hii miwili ndo iliandikwa. Alafu OnlyShowIn na NotShowIn, zinataja majina ya desktopu. Ukiona OnlyShowIn=GNOME; na wewe uko Xfce, hutakiona hata ulie. Hii inawapata sana watu ambao kabla ya kuapdeti walikuwa na desktopu mbili kwenye mashine, alafu baada ya kuwasha upya wakaingizwa kwenye ile nyingine bila kujua kwasababu wallpaper ni ileile. Andika

echo $XDG_CURRENT_DESKTOP

ikujibu uko wapi. Cinnamon itajibu X-Cinnamon, Ubuntu itajibu ubuntu:GNOME. Kama jibu sio ulilotegemea, toka, na kwenye skrini ya kuweka neno siri tafuta kile kialama cha kuchagua sesheni, yani desktopu ya kuingilia. Kutafuta mistari yenyewe kwa haraka:

grep -lE "NoDisplay=true|Hidden=true|OnlyShowIn" ~/.local/share/applications/*.desktop

Usiipige kwenye /usr/share/applications alafu ukashtuka, kule utakuta vingi vimefichwa makusudi na ni sawa, sio kila kitu kinatakiwa kukaa kwenye menyu.

Alafu kuna kupotea ambako sio kupotea, ni kubadilishwa jina. Ikoni ulizobandika chini au pembeni ya skrini hazikumbuki programu, zinakumbuka jina la kifaili tu. Sasa Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022, Firefox ya kawaida iliondolewa ikawekwa ya Snap, kifaili kikatoka kuwa firefox.desktop kikawa firefox_firefox.desktop, na mashine ambazo ikoni yake ilikuwa imebandikwa kwa jina la zamani inabaki pengo, mtu anasema Firefox imefutwa kumbe ukiitafuta kwa kuandika jina inatokea. Toleo la 24.04 likaifanyia Thunderbird vilevile. Mint wao walikataa Snap tangu Mint 20 ya mwaka 2020, kwahiyo wa Mint hili halikuwagusa. LibreOffice ya kupakua nayo inaweka namba ya toleo kwenye jina la kifaili, ukipandisha toleo jina linabadilika na ulichobandika kinadondoka. Dawa ni kuibandika upya, basi.

Na jina linaloonekana kwenye menyu nalo linaweza kubadilika kwa lugha. Ndani ya kifaili, mbali na Name, kunaweza kuwa na Name[sw] na Name[fr] na nyingine kibao, desktopu inachagua kulingana na lugha ya mashine. Seting za lugha zikiyumba wakati wa kuapdeti utakuta menyu imegeuka lugha nusu nusu, unayemtafuta kwa jina la Kiingereza yupo kwa jina jingine. Kiswahili kipo muda mrefu kwenye mambo haya, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice tangu 2004, inasikitisha tu kwamba wengi wetu hata kuijaribu hatujawahi.

Tuje kwa wenye Flatpak na Snap, maana hawa tatizo lao lina sura yake, zinapotea zote kwa pamoja. Programu za kawaida zipo, za Flatpak hakuna hata moja. Ukiona zimeondoka kundi zima usihangaike na kifaili kimoja kimoja, tatizo ni kwamba desktopu haijui kama kuna hiyo folda ya kusoma. Orodha ya folda inakaa kwenye XDG_DATA_DIRS, na isipowekwa kabisa desktopu inachukulia ni /usr/local/share na /usr/share peke yake. Iangalie:

echo $XDG_DATA_DIRS

Uione /var/lib/flatpak/exports/share humo ndani, na kwa Snap /var/lib/snapd/desktop. Kama hazimo, kitu cha kwanza toka kwenye akaunti uingie tena, maana hii orodha inapangwa wakati wa kuingia tu, ukishainstoo Flatpak leo na hujatoka hutaziona mpaka utoke. Kama umetoka na bado, fungua ~/.profile na ~/.bashrc utafute mtu aliyeandika export XDG_DATA_DIRS=/kitu/fulani bila kumalizia na :$XDG_DATA_DIRS mwishoni. Huyo amefuta orodha yote ya mwanzo akaweka ya kwake. Watu wanakopi mistari hii mtandaoni bila kuisoma, inafanya kazi waliyoitaka, wiki tatu baadae wanalalamika apdeti imewaharibia.

Sasa kuhusu kashe. KDE haisomi vifaili vyote kila mara, inavikusanya kwenye kashe yake, yani nakala ya kusomea haraka, inayoitwa ksycoca, na kashe hiyo ikichanganyikiwa menyu inakuwa ya jana. Kwa Plasma 6, iliyotoka Februari 2024, unapiga kbuildsycoca6 --noincremental, kwa Plasma 5 ni kbuildsycoca5. Angalia mwenyewe uko namba ngapi maana ukipiga ya 5 kwenye mashine iliyopanda kwenda 6 hutapata kitu, na maelekezo mengi ya zamani bado yanasema 5. Xfce unapiga xfce4-panel -r, Cinnamon unabonyeza Ctrl, Alt na Esc kwa pamoja inajiwasha upya bila kufunga kazi zako. GNOME toka tu uingie tena.

Kuna komandi moja utaambiwa na kila mtu, sudo update-desktop-database. Haina madhara, pigeni tu kama mnapenda, ila mjue haijengi menyu. Kazi yake ni kuandaa orodha ya programu ipi inafungua mafaili ya aina gani, ile mimeinfo.cache. Kwahiyo kama kwenye menyu upo sawa ila ukiklik faili la docx mashine inauliza nifungue na nini, hapo ndo mahali pake. Ya menyu haihusu. Inayofaa zaidi kwa ya menyu ni desktop-file-validate, unaipa kifaili inakuambia mstari upi umekosewa, na kuna kukosea ambako macho hayaoni, kwa mfano kusahau kuweka alama ya semikoloni mwisho wa Categories au kuanza kifaili na kitu tofauti na ule mstari wa kwanza wa [Desktop Entry].

Kundi zima la menyu likipotea, labda Office yote au Graphics yote, au menyu nzima iko tupu, hapo sio tena vifaili vya .desktop, ni faili linalopanga makundi. Yanakaa /etc/xdg/menus na yanaishia na .menu, mfano xfce-applications.menu. Home nako linaweza kuwepo, ~/.config/menus, na likiwepo la jina hilo hilo linashinda la mfumo, mtindo ule ule wa mwalimu wa Ujiji. Hamisha la home pembeni, washa upya paneli, angalia. Kwa KDE nako utakuta applications-kmenuedit.menu, hilo ndo linalobeba kila ulichowahi kukivuruga kwenye menyu kwa mkono.

Wa Windows najua mmesoma mpaka hapa mnasema hayatuhusu, yanawahusu, mambo ni yale yale ila majina mengine. Kwa programu za kawaida, sio za Microsoft Store, menyu ya Start inasoma shotkati za .lnk kutoka folda mbili, moja ya watu wote na moja ya kwako. Bonyeza Windows na R, andika shell:common programs, hiyo ya watu wote, alafu shell:programs, hiyo ya kwako. Na kwenye Windows 11 kabla ya yote angalia orodha ya All apps kwanza (matoleo mapya imeandikwa All tu), maana ukifungua Start zinazotangulia juu ni zile zilizobandikwa. Tarehe 13 Januari 2023 maofisi duniani kote waliamka wakakuta Word na Excel hazipo kwenye Start, chanzo ilikuwa apdeti ya Microsoft Defender, sheria moja ya kuzuia makro za Office, yani vijiprogramu vya ndani ya mafaili, ilitafsiri shotkati za kawaida kama kitu cha hatari ikazifuta. Shotkati tu. Programu zenyewe zilikuwa zimekaa ndani ya Program Files hazijaguswa, na Microsoft ikabidi watoe skripti ya kuzitengeneza upya. Walioinstoo Office upya siku ile walifanya kazi ya bure.

Kama imekukuta wewe na ni programu moja mbili, ingia C:\Program Files uitafute ile .exe yake, raitiklik (Windows 11 bonyeza Show more options kwanza), Send to, Desktop, alafu ikate hiyo shotkati uipeleke kwenye ile folda ya shell:programs. Ukifungua Start utaikuta.